Mikono Imekufa Ganzi, Ninyi Mnahesabu Baiskeli

Siku ile ya kugawa baiskeli nilikuwepo. Nilisimama nyuma kabisa pamoja na watoto, nikiangalia lori linashusha mzigo. Baiskeli zilikuwa mpya, zinang'aa, zote rangi moja, zote ukubwa mmoja, zote na ule usukani wa kisasa ulionyooka kama mpini wa jembe. Wahudumu wa afya wa vijiji, ambao hapa Uganda tunawaita VHT, wakaitwa majina, wakasaini au wakaweka dole gumba, wakapigwa picha. Makofi. Kisha watu wa shirika wakapanda magari yao wakaenda, na katika wote waliokuja hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika spana.

Ninachotaka kusema leo ni juu ya hiyo spana ambayo haikuwepo.

Shirika lenyewe silitaji. Lingekuwa jingine, hadithi ingekuwa hiyo hiyo, kwa sababu kosa si la roho mbaya. Waliotuletea walitaka kutusaidia na ninawashukuru. Lakini nimekaa Nakivale miaka ya kutosha kujua kwamba mkimbizi akisema "asante, lakini", watu wanasikia ile "lakini" peke yake na wanakasirika. Basi wakasirike. Asante nimekwisha kusema.

Mimi ni fundi wa kinga. Ndiyo, kinga, sisi wa Kivu ndivyo tunavyoiita. Jirani zangu Warundi wanasema ikinga, Wanyarwanda igare, Waganda eggaali, na Mswahili wa pwani akipita hapa sokoni anadhani tunazungumzia motokaa. Banda langu liko Base Camp, turubai juu, benchi moja, ndoo ya maji ya kutafutia pancha. Kazi hii nilianza Uvira nikiwa kijana, nikaiendeleza huku. Sina cheti. Nina mikono, na mikono ndiyo habari yenyewe.

Miezi mitatu baada ya mgao ule, alikuja mama mmoja VHT wa kijiji cha upande wa Rubondo. Ni mama mfupi, amevuka miaka hamsini, mtu wa heshima. Aliisukuma baiskeli, hakuipanda.

"Fundi, mikono iko inakufa."

"Inakufa namna gani, mama?"

"Kidole kidogo na mwenzake. Nikifika kwa mtu sisikii kitu. Sawa na vidole vya mtu mwingine."

Nitaungama hapa hapa, kwa sababu ninawasema wengine na sitaki kujificha. Nilimwambia: "Utazoea, mama. Kinga mpya ni hivyo." Nikafunga mpira wa tyubu kuzunguka vishikio viwe vinene na laini, nikachukua hela yake, akaenda. Baada ya wiki mbili akarudi. Safari hii hakuniambia juu ya vidole. Aliniambia juu ya kipimo cha malaria. Mnajua VHT anapima watoto wenye homa: anachoma kidole cha mtoto, anavuta tone la damu kwa kale kamrija kadogo, anaweka kwenye kipimo, halafu dawa ya maji, halafu anasubiri dakika zake. Akasema: "Kale kamrija kananiponyoka. Mtoto analia, mama yake ananiangalia, na mimi natafuta kamrija chini kwenye udongo. Na kakishaanguka chini siwezi kukatumia tena."

Mwezi uliofuata niliambiwa ameacha kupanda baiskeli. Ilikuwa imeegemezwa ukutani kwake, na mtoto wa ndugu yake alikuwa anaiazima kubebea makaa. Yeye anatembea kwa miguu. Nyumba za mbali, zile za juu kule mlimani, zikawa hazimuoni tena kila wiki. Na watu, mnavyowajua watu, wakaanza kusema VHT wetu siku hizi amekuwa mvivu. Kwenye karatasi ya shirika, nina hakika, ameandikwa amepokea baiskeli moja.

Hapo ndipo niliposhtuka. Nikaenda kwa mganga mmoja wa kliniki ambaye huwa namtengenezea gurudumu, nikamuuliza. Alishika kiganja changu mwenyewe akanionyesha. Kuna mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, mahali penye nyama kidogo tu juu ya mfupa. Huo unahudumia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Kuna mwingine unapita katikati ya kifundo cha mkono, huo ni wa dole gumba na vidole viwili vinavyofuata. Ukiweka uzito wa kiwiliwili juu ya bomba la chuma, ukakunja na kifundo, ukapigwa na mashimo ya barabara saa nzima, mshipa unabanwa. Kwanza ganzi. Ukiendelea miezi na miezi, nguvu ya kushika inapungua, mpaka nyama ile iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada inaweza kusinyaa. Madaktari wanayajua haya, yana jina lake katika vitabu vyao, na wanaoyapata ni watu wa baiskeli. Siyo uvivu, siyo uzee, na mpira wangu wa tyubu haukuwa dawa.

Sasa ninyi wa ofisini mnaosoma hapa, fanyeni jambo moja sasa hivi kabla hamjaendelea. Shikeni kalamu mbili, moja kila mkono, ngumi zimefungwa kawaida. Nyoosheni mikono mbele bila kukaza, kama mtu anayeshika usukani. Tazameni kalamu. Hazikupanga mstari mmoja ulionyooka. Ncha za nje zimerudi kidogo upande wenu, kama paa la nyumba. Hivyo ndivyo mikono ya binadamu ilivyoumbwa kushika. Usukani ulionyooka unailazimisha ikae namna nyingine, na wanaolipa ni vifundo vya mikono.

Usukani ule wa zamani unaojikunja na kurudi nyuma kwa mpandaji haukuwa urembo wa wazee. Tuliukuta kwenye Raleigh za Waingereza, kisha kwenye Hero za India na Phoenix za China, zile kinga nzito nyeusi ambazo padri, mwalimu na muuza maziwa walizizungusha maisha yao yote. Umekunjwa vile ili mtu akae mgongo wima na mikono ishike kama inavyotaka yenyewe. Baiskeli ya mlimani nayo ni nzuri kwa kazi yake. Ilianzia California miaka ya 1970, kwa vijana waliokuwa wanateremka mlima kwa raha zao. Mtu wa kuteremka vile anataka kuinama mbele, apanue mikono, ashike kwa nguvu, na akimaliza anakwenda nyumbani. Mama VHT hateremki mlima kwa raha. Anakwenda nyumba kwa nyumba na sanduku la dawa, anashuka, anapanda, anashuka, siku nzima, amevaa kitenge.

Lakini sitaki mnielewe kwamba usukani ulionyooka ni mbaya na uliokunjwa ni mzuri, basi, tumalize. Kama ingekuwa rahisi hivyo ningeandika mistari miwili. Nilipoamua hatimaye kumfanyia mama yule kazi ya kweli, nilimwambia apande baiskeli yake huku mimi nimeishikilia, nikamtazama kwa ubavu. Nilipaswa kufanya hivyo siku ya kwanza. Nikaona kwamba ugonjwa wa mikono ulikuwa umeanzia kwenye kiti.

Fremu ilikuwa ya mwanamume mrefu. Kijana wake, kwa nia njema, alikuwa amekishusha kiti mpaka chini kabisa, na pua ya kiti ameiinamisha mbele ili mama ashuke kwa urahisi. Sasa mtu akikaa kwenye kiti kilichoinama mbele anafanya nini? Anateleza. Na ili asiteleze anasukuma usukani kwa mikono, dakika zote, hata mahali tambarare. Tena usukani wenyewe uko mbali, amejinyoosha kama mtu anayechota maji kisimani. Uzito wote umehamia kwenye viganja. Ningemfungia godoro zima kwenye vile vishikio, angekufa ganzi vile vile.

Kwa hiyo mafundi wenzangu, na kila anayetaka kujitengenezea, anzeni na kiti. Mtu akae, aweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Akirudisha mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litakuwa limekunjika kidogo, na hapo ndipo kimo chake. Kama anaogopa kwa sababu hafiki chini vizuri, shusha kidogo, mtu wa kushuka kila nyumba ana haki ya kufika chini, lakini usishushe mpaka magoti yagonge kifua. Pua ya kiti iwe sawa na ardhi. Weka ubao juu ya kiti uone kama umelala. Halafu legeza nati ya chini ya kiti, utaona kinaweza kusogea mbele na nyuma, wengi hawajui hata kwamba kinasogea. Kwa mtu mfupi sogeza mbele kidogo. Hapo tu ndipo uguse usukani.

Kipimo cha umbali ni kile nilichofundishwa na mzee wangu wa Uvira: weka kiwiko kwenye pua ya kiti, nyoosha mkono na vidole mbele. Ncha za vidole zifike kwenye usukani au karibu nao. Siyo andiko takatifu, mikono ya watu inatofautiana, lakini kwa yule mama vidole viliishia mbali na bomba kiasi cha shubiri. Shubiri nzima! Na kimo: kwa mtu wa kazi usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo, vidole vitatu, vinne. Kisha mtu aendeshe mahali tambarare, alegeze vidole bila kuachia kabisa. Mwili ukianguka mbele, mikono bado inabeba mzigo usio wake.

Kuinua usukani kunategemea aina. Zile za zamani na nyingi za bei nafuu, shingo ya usukani inaingia ndani ya bomba la fremu na kushikwa na kabari kwa chini. Legeza bolti ya juu mizunguko miwili au mitatu, usiitoe, weka kipande cha mbao juu yake, gonga kwa nyundo mara moja, kabari itaachia. Vuta juu. Lakini kuna alama imechorwa kwenye shingo, na alama hiyo lazima ibaki ndani. Nimeona vijana wanaivuta mpaka nje ili usukani uwe juu kama wa pikipiki. Siku shingo inapokatika uko kwenye mteremko, utajua kwa nini mwenye kiwanda alichora. Ukikaza, simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, jaribu kuzungusha usukani kwa nguvu, usicheze. Baiskeli mpya nyingi hazina kabari, shingo imefungwa kwa nje kwenye bomba. Hizo zinapanda kwa kupanga pete juu na chini ya shingo, au kwa kuigeuza shingo yenyewe ili mwinamo wake utazame juu. Zikiisha pete, umefika mwisho. Na katika zote mbili, geuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, uone kama waya za breki zinavutwa. Zikivutwa, waya ni fupi, badilisha. Usimpe mtu raha ya mikono halafu ukamnyima breki.

Zile kinga za breki za vyuma virefu, zisizo na waya, hizo zina shida yake. Usukani na shingo mara nyingi ni kitu kimoja na breki zimeungana humo. Unaweza kuinua, lakini lazima ulegeze maungio ya vyuma vya breki uyapange upya, na usukani huo hauwezi kuuhamishia kwenye baiskeli ya kisasa. Vijana wanakuja na usukani wa Hero ya babu mkononi, "Fundi, funga hii," na ninawarudisha. Unaofaa ni ule uliokunjwa wa baiskeli ya mjini yenye breki za waya. Hata huo, pima unene pale katikati unaposhikwa. Wa milimita 25.4 ni wa kawaida, lakini baiskeli nyingine mpya zina shingo ya milimita 31.8, haziingiliani, na mtu akikuambia ataweka kipande cha kopo kujaza nafasi, mkimbie.

Mama yule nilimpatia usukani uliokunjwa uliotoka kwenye baiskeli kuukuu ya Mbarara. Nikainua shingo, nikalaza kiti na kukisogeza mbele, nikageuza vishikio vya breki vifuate mstari wa mkono wake ili asikunje kifundo akitaka kusimama. Kazi yote haikufika saa moja. Hakupona siku ile. Mshipa wa fahamu hauna haraka. Lakini baada ya wiki kadhaa ganzi ikaanza kurudi nyuma, na sasa anapanda tena, na kamrija kanakaa mkononi. Kidole kidogo cha kulia anasema bado kina usingizi asubuhi. Hicho kiko kwenye hesabu yangu mimi na mpira wangu wa tyubu, na kwenye hesabu ya waliomkabidhi.

Nimeyapeleka haya kwa watu wa mashirika, nikapewa majibu matatu.

La kwanza ni usawa. Ofisa mmoja, kijana mpole, aliniambia wakileta ukubwa tofauti na usukani tofauti watu watagombana, kila mtu atataka ya mwenzake. Nilimuuliza: sandali mlizogawa mwaka ule, mlileta namba moja kwa watu wote? Akacheka. Hakuna aliyepigana kwa sababu jirani ana namba 44 na yeye ana 38. Kumpa mama mfupi na kijana mrefu kitu kile kile halafu ukaita hiyo usawa ni kupendelea mrefu. Angalieni tu katika mgao ule ni nani bado wanaendesha na ni nani baiskeli zimeegemea ukuta. Mimi nawajua, maana wanapita kwangu. Walioacha wengi ni wanawake.

La pili ni gharama. Hapa nawaheshimu zaidi, kwa sababu fedha zimepungua kweli, mgao wa chakula wenyewe tumeuona ulivyokatwa. Lakini nilichoomba ni nini? Sikuomba baiskeli ya bei zaidi. Nimeomba fremu mbili tatu fupi katika kila kumi, usukani kadhaa uliokunjwa ndani ya lori lile lile, na siku moja ya fundi mwenye spana namba 13, namba 14 na ule ufunguo mwembamba wa pembe sita. Baiskeli inayoegemea ukuta ndiyo ya gharama.

La tatu halisemwi kwa sauti. Linasemwa kwa macho: cha bure, unachagua nini? Hili nalijibu kwa hasira kidogo, mnisamehe. Yule VHT halipwi mshahara. Kazi yake ni ya kujitolea. Baiskeli haikuwa zawadi ya kumfurahisha, ni chombo cha kazi mliyompa ninyi, kazi ambayo ripoti zake mnazichukua ninyi. Je, dereva wenu anapokabidhiwa gari anakatazwa kusogeza kiti? Anaingia, anavuta kiti, anapanga kioo, ndiyo kwanza anawasha. Hakuna anayemwambia hana shukrani.

Sasa nimegeuka upande wetu, msidhani mmeponea.

Vijana, ninyi ndio mnaocheka usukani uliokunjwa. Mnauita wa katekista. Mmewatia aibu baba zenu mpaka wazee wa miaka sitini wanakuja bandani kuomba ninyooshe usukani waonekane wa kisasa, halafu wanalala na mikono kwenye maji ya moto. Wapo wanaougeuza chini juu, wapo wanaoukata ncha upite kati ya pikipiki sokoni, wanabaki na usukani mfupi kama kijiko. Halafu wanapakia gunia la mahindi nyuma. Mzigo mzito kwenye keria unalifanya gurudumu la mbele liwe jepesi, usukani unayumba, na mwenye usukani mfupi hana nguvu ya kuurudisha. Mtu wa mizigo anahitaji usukani mpana. Hiyo si kazi sawa na ya VHT, na mimi simfungi kila mtu usukani wa mama.

Babu zetu walilijua hilo bila kitabu. Nenda Goma, pale kwenye mzunguko walikojenga sanamu ya chukudu ikang'aa kama dhahabu, uangalie pembe zake: pana, ndefu, kama za ng'ombe, kwa sababu mtu anashuka na magunia ya viazi na hizo pembe ndizo zinazomwokoa. Tazama wanaosukuma baiskeli za ndizi na makaa huko kwetu na Burundi: wanafunga fimbo kwenye usukani iwafikie wakiwa wanatembea pembeni. Wavietinamu walifanya hivyo hivyo mwaka 1954 walipopeleka chakula na silaha Dien Bien Phu, walifunga mianzi kwenye usukani, na baiskeli moja ikabeba kilo zaidi ya 200. Maskini wa dunia nzima wamekuwa wakikata, wakifunga na kukunja usukani ufuate kazi. Imetokea wapi sisi wa Nakivale tukaanza kuukunja mwili ufuate usukani?

Na ninyi mafundi wenzangu wa Juru, wa Kabazana, wa New Congo. Tunajua. Mtu akija na mikono mibovu tunamuuzia vishikio vya sponji, kwa sababu vishikio vina faida na kusogeza kiti hakuna faida. Dakika tano za kumtazama mtu akiwa amekaa juu ya baiskeli yake hatumlipishi, basi hatumtazami. Nilifanya hivyo mwenyewe, nimekwisha kusema. Tukubaliane bei ya kupima mtu, hata iwe ya chai na mandazi, tuilipishe waziwazi, na tuifanye.

Kwa mashirika, ninalotaka naliandika hapa ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Mgao ujao, kabla ya kuandika oda, ulizeni urefu wa watakaopanda na mizigo watakayobeba. Mnazo orodha zetu, mnajua mpaka tarehe za kuzaliwa za watoto wetu, urefu wa mtu ni nini? Siku ya kukabidhi, walipeni mafundi wanne wa humu humu kambini, kila mmoja na spana zake, na pasiwepo mtu wa kuondoka na baiskeli kabla hajakaa juu yake na kupimwa. Mwezi mmoja baadaye, rudini. Msiulize "baiskeli ipo?" Ulizeni "vidole vinasemaje?"

Picha pigeni. Picha siwakatazi, ila mpige na ile ya mwezi wa pili.

Na kwa VHT wengine wa mgao ule: saba kati ya baiskeli zile najua ziliko, mbili ziko kuku wanalalia. Jumanne na Ijumaa niko bandani tangu asubuhi. Nina usukani tatu zilizokunjwa, moja ina kutu kidogo lakini ni nzima. Msimtume mtoto aje na baiskeli peke yake. Njoo mwenyewe, mama, upande nikuone.